Swichi Ifanye na Kazi ya Ruta, au Kila Kifaa Kibaki na Kazi Yake?

Ofisi ikishavuka kompyuta thelathini au arobaini, mtandao ambao wote ulikuwa katika kundi moja la anwani huanza kugawanywa: wahasibu upande wao, kamera za ulinzi upande wao, simu za mezani upande wao, na wageni wanaotumia Wi-Fi upande wao. Mgawanyo huo hufanywa kwa VLAN, yaani mitandao iliyotengwa ndani ya swichi zilezile, ambazo kwa kiwango cha IEEE 802.1Q zinaweza kufikia 4,094, ingawa ofisi nyingi huishia na nne au tano. Kugawa si kazi ngumu, kwa kuwa karibu kila swichi inayokubali kusanidiwa inaiweza. Swali huja mara tu baada ya hapo: mhasibu anapotaka kuchapa kwenye printa iliyo katika VLAN nyingine, ni kifaa gani kitakachopokea pakiti zake, yaani vipande vya data anavyotuma, upande huu na kuzifikisha upande wa pili?

Majibu ya kawaida ni matatu. La kwanza ni swichi ya tabaka la tatu, yaani swichi ambayo, pamoja na kupitisha fremu kwa kutazama anwani za MAC, huelekeza pia pakiti kwa kutazama anwani za IP. La pili ni kubaki na swichi ya kawaida ya tabaka la pili na kuiunganisha na ruta kwa kebo moja inayobeba VLAN zote, huku ruta ikiwa na kiolesura kidogo kwa kila VLAN. La tatu linafanana na la pili kwa umbo, ila mahali pa ruta hukaa ukuta wa moto, ambao hufuatilia kila mazungumzo tangu yanapoanza hadi yanapokwisha na kuruhusu yale tu yaliyoandikiwa ruhusa. Nimefunga zote tatu, na nimeitwa kurekebisha zote tatu. Ninachokiona ni kwamba watu huchagua kwa kuuliza kifaa kinaweza kufanya nini, ilhali jambo la kuuliza kwanza ni trafiki yao inatoka wapi na inakwenda wapi.

Vigezo vya ulinganisho

Njia hizi nitazipima kwa mambo matano: kasi kati ya VLAN na VLAN, ulinzi kati yake, kazi za mlangoni, yaani zile zinazohusu kutoka kwenda intaneti, gharama pamoja na utunzaji, na yanayotokea siku kifaa kimoja kinapokufa. Kwenye ulinzi nitakaa muda mrefu kuliko kwingine, kwa sababu ndicho kigezo kinachosahauliwa, na madhara yake hayaonekani kwa macho mpaka mtu ayatafute.

Kasi kati ya VLAN

Swichi ya tabaka la tatu huelekeza pakiti kwa chipu iliyotengenezwa mahususi kwa kazi hiyo. Poti moja ya gigabiti 1 ikijazwa pakiti ndogo kabisa za Ethernet hupitisha pakiti 1,488,095 kwa sekunde, kwa hiyo swichi ya poti 24 za namna hiyo inatakiwa kumudu takriban pakiti milioni 35.7 kwa sekunde, na swichi nyingi za ofisi huzimudu bila kuelemewa. Ruta ndogo hutegemea prosesa ya kawaida, nayo haifiki huko. Mtengenezaji anapoandika kwamba ruta yake inapitisha gigabiti 1, mara nyingi amepima kwa pakiti kubwa, na idadi hiyo hushuka sana pakiti zinapokuwa ndogo kama zile za simu za IP.

Njia ya kebo moja ina kizuizi kingine juu ya hicho. Kila pakiti inayovuka kutoka VLAN moja kwenda nyingine hupanda kebo kwenda kwenye ruta, kisha hushuka kebo ileile kurudi kwenye swichi, hata kama kompyuta inayotuma na seva inayopokea zimechomekwa kwenye poti zinazopakana. Kebo ya gigabiti 1 hubeba gigabiti 1 kwenda na gigabiti 1 kurudi kwa wakati mmoja, lakini kwa kuwa kila pakiti hutumia pande zote mbili, mazungumzo yote ya kati ya VLAN kwa jumla yake hugombea gigabiti hiyo moja.

Niliwahi kuitwa katika shule ya bweni yenye maabara ya kompyuta 40 na seva ya video za masomo iliyowekwa katika VLAN ya walimu. Asubuhi kabla ya vipindi, ping, yaani jaribio la kupima muda wa kwenda na kurudi, kutoka maabara kwenda kwenye seva ilirudi chini ya milisekunde 1. Kipindi kilipoanza na wanafunzi wakafungua video kwa pamoja, kila video ikivuta megabiti 5 kwa sekunde, zilihitajika megabiti 200. Prosesa ya ruta ikafika asilimia 100, ping ikapanda hadi kuvuka milisekunde 150, na picha zikaanza kukatika. Laini ya intaneti wakati huo ilikuwa karibu tupu. Shule ilikuwa imekwisha kuongeza kifurushi cha intaneti ikiamini tatizo liko huko, na fedha hiyo haikusaidia kitu, kwa sababu video hazikuwa zikitoka nje ya uzio wa shule.

Kwa upande mwingine, si kila trafiki kubwa inahitaji kuelekezwa haraka. Nyingine haihitaji kuelekezwa kabisa. Chukua kamera 32, kila moja ikituma megabiti 4 kwa sekunde, usiku na mchana: ni megabiti 128 zisizokoma. Kinasa picha kikikaa katika VLAN tofauti na kamera, mzigo wote huo huangukia kifaa cha kuelekeza. Kikikaa katika VLAN ileile ya kamera, swichi yoyote ya kawaida huumaliza bila ruta kujua. Kuhamisha poti moja kunaweza kukuondolea haja ya kununua kifaa kipya, na ningependa kila fundi ajaribu hilo kabla ya kumwandikia mteja bei.

Ukuta wa moto ndio hulipa gharama kubwa zaidi ya kasi. Watengenezaji hutoa namba kadhaa kwa kifaa kimoja: kasi ya kupitisha tu, na kasi pindi uchunguzi wa kina unapowashwa. Namba ya pili ni ndogo zaidi, mara nyingi kwa mbali, nayo ndiyo ya kufanyia hesabu, kwa kuwa hakuna sababu ya kununua ukuta wa moto halafu uzime uchunguzi wake ili upate kasi.

Tahadhari moja inawahusu wanaotumia vifaa vya kampuni ya MikroTik, ambavyo vimeenea sana kwetu. Swichi za familia ya CRS3xx huja na RouterOS, mfumo uleule wa ruta zao, kwa hiyo ukiweka anwani ya IP kwenye kila VLAN zitaelekeza mara moja, na mtu huona kazi imekwisha. Lakini uelekezaji huo hupita kwenye prosesa, ambayo kwa CRS326-24G-2S+ ni ya 800 MHz tu, mpaka uwashe uelekezaji wa kwenye chipu unaopatikana katika RouterOS toleo la 7. Bila kuwasha, umenunua swichi ya haraka na kuifanya ruta ya polepole.

Ulinzi kati ya VLAN

VLAN mbili ambazo hazina kifaa cha kuziunganisha ni vyumba viwili visivyo na mlango kati yake. Siku unapoipa swichi kiolesura cha IP katika kila VLAN na kuwasha uelekezaji, ambao kwenye swichi za Cisco ni amri fupi ya `ip routing`, umetoboa milango kati ya vyumba vyote kwa mara moja, na milango hiyo huzaliwa ikiwa wazi. Hakuna onyo linalojitokeza. Kila kitu kinaanza kufanya kazi vizuri, printa inachapa, mteja anashukuru, nawe unafunga kabati.

Katika kituo kimoja cha afya niliunganisha simu yangu na Wi-Fi ya wageni, ile ambayo nenosiri lake lilibandikwa ukutani mapokezi, nikaandika kwenye kivinjari anwani ya kinasa picha cha kamera. Ukurasa wa kuingilia ukafunguka. Nikaandika anwani ya seva ya kumbukumbu za wagonjwa, nayo ikajibu. VLAN zilikuwa nne, zimepangwa vizuri na kupewa majina, na aliyezifunga aliamini kwa dhati kwamba wageni wametengwa. Hakukosea kugawa, hakujua tu kwamba alipoipa swichi kazi ya ruta aliufuta mgawanyo wake mwenyewe. Kwa taasisi zinazoshika taarifa za watu hili si suala la ufundi peke yake, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 kwa Tanzania, na sheria ya Kenya ya mwaka 2019, zinamtaka anayezishika azilinde, na taarifa za afya ziko katika kundi nyeti.

Swichi ya tabaka la tatu inaweza kufunga milango hiyo kwa orodha za ruhusa, na hizo hufanya kazi kwa kasi ileile ya chipu. Udhaifu wake ni kwamba haikumbuki mazungumzo. Ukiruhusu ofisi ifikie kamera, ni lazima uandike pia sheria ya majibu ya kamera kurudi ofisini, na sheria hiyo ya kurudi mara nyingi huwa pana kuliko inavyopaswa. Kwa VLAN tatu zenye mahitaji rahisi kama "wageni wasifike popote isipokuwa intaneti", orodha za swichi zinatosha kabisa. Mahitaji yakifika "mhasibu huyu afikie seva ile kwa programu hii tu, nasi tubaki na kumbukumbu ya kila jaribio", orodha hizo hugeuka msitu ambao hata aliyeupanda hupotea ndani yake.

Ruta iliyo kwenye kebo moja huwa katikati. Nyingi zina ukuta wa moto unaokumbuka mazungumzo, kwa hiyo unaandika ruhusa upande mmoja tu na majibu hupita yenyewe. Ukuta wa moto kamili huongeza uchunguzi wa yaliyomo, utambuzi wa mtumiaji na kumbukumbu za nani alifika wapi saa ngapi, na kwa kigezo hiki ndio ulio mbele.

Kwa wa MikroTik tena: pakiti zinazoelekezwa na chipu haziendi kwenye prosesa, na kwa hiyo hazikutani na sheria za ukuta wa moto ulizoandika pale. Mtu anaweza kuwa na sheria nzuri zilizofanya kazi mwaka mzima, akawasha uelekezaji wa chipu ili kuongeza kasi, na sheria zake zikabaki kwenye skrini zikiwa hazigusi kitu. Baada ya kuuwasha, jaribu upya kila zuio kwa kifaa halisi.

Kazi za mlangoni

Swichi nyingi za tabaka la tatu hazifanyi NAT, yaani kubadili anwani za ndani kuwa ile moja uliyopewa na mtoa huduma, na nyingi hazifanyi VPN, yaani njia ya siri ya kuunganisha ofisi kupitia intaneti, wala PPPoE, njia ya kuingia kwa jina na nenosiri ambayo baadhi ya laini za faiba hudai. Wala hazikupangiwa kubadili kati ya laini mbili za intaneti moja inapokatika, kazi ambayo ruta ndogo huifanya kila siku. Kwa hiyo anayeuliza kama swichi ya namna hii itamwondolea haja ya ruta, jibu kwa walio wengi ni hapana: itaipunguzia mzigo, nayo ruta itabaki mlangoni. Kwa njia ya pili na ya tatu, kifaa kilekile cha mlangoni ndicho kinachoelekeza ndani, na huo ndio wepesi wake.

Gharama na utunzaji

Njia ya kebo moja ndiyo rahisi kuianza, kwa sababu ruta ipo tayari kwa ajili ya intaneti na swichi ya tabaka la pili haina bei kubwa. Swichi ya tabaka la tatu hugharimu zaidi, na kwa baadhi ya watengenezaji uwezo kamili wa kuelekeza hufunguliwa kwa leseni. Wanaotafuta swichi za mtumba Kariakoo au Luthuli Avenue wasome namba ya modeli kwa makini. Cisco 2960, kwa mfano, huweza kuelekeza ikipewa programu ya kutosha, lakini hukubali njia 16 tu zilizoandikwa kwa mkono, huku 3560 na 3750 zikiwa na uwezo mpana zaidi lakini hazipokei tena marekebisho ya usalama. Ukuta wa moto una gharama ya kununua na tena gharama ya kila mwaka ya usajili wa uchunguzi, na usajili ukiisha kinachobaki hakitofautiani sana na ruta.

Kwa utunzaji, ninaipa uzito mkubwa idadi ya mahali ambapo fundi anapaswa kutazama tatizo linapotokea. Ruta moja au ukuta mmoja wa moto unaoelekeza kila kitu huweka sheria zote mahali pamoja. Ukiwa na swichi inayoelekeza ndani na ruta inayotoa nje, una majedwali mawili ya njia yanayotakiwa kukubaliana, na kosa la kawaida kabisa ni kusahau njia ya kurudi. Tuseme ndani kuna kundi la anwani la 10.20.10.0/24 na ndugu zake, na kati ya swichi na ruta kuna kundi dogo la 10.20.255.0/30, ruta ikiwa .1 na swichi .2. Swichi huambiwa kwamba kila isichokijua ikipeleke 10.20.255.1, na watu hukumbuka hilo. Ruta nayo lazima iambiwe kwamba 10.20.0.0/16 iko nyuma ya 10.20.255.2, na hapo ndipo wengi husahau. Pakiti hutoka, majibu hurudi mpaka kwenye ruta, na ruta haijui pa kuyapeleka. Kumbuka pia kwamba ruta haimo tena ndani ya kila VLAN, kwa hiyo ikiwa ndiyo iliyokuwa ikigawa anwani kwa DHCP, swichi sasa inatakiwa ama igawe yenyewe au ipeleke maombi hayo kwake.

Siku kifaa kinapokufa

Ruta ya kebo moja ikizimika, kila VLAN hubaki hai ndani yake, lakini hakuna inayoweza kuzungumza na nyingine, na intaneti hukatika. Ukuta wa moto ni vilevile. Swichi ya tabaka la tatu ikifa, kila kilichochomekwa humo hufa nayo, lakini hilo lingetokea hata kama ingekuwa ya tabaka la pili. Tofauti yenye uzito iko upande mwingine: ruta ya mlangoni inapokufa au mtoa huduma anapokata laini, ofisi yenye swichi inayoelekeza huendelea na kazi za ndani. Duka la dawa la hospitali bado hufikia seva ya kumbukumbu, simu za mezani bado hupigiana. Umeme nao ukikatika, UPS inayobeba swichi na seva inatosha kuendesha kazi za ndani, bila ruta kuhesabiwa.

Kuchanganya, kwa VLAN moja moja

Si lazima VLAN zote zielekezwe na kifaa kimoja. Swichi huelekeza zile tu ulizoipa kiolesura cha IP. Unaweza kuipa VLAN ya ofisi, ya seva na ya simu, ambazo zinaaminiana na zina trafiki nzito, kisha ukaiacha VLAN ya wageni bila kiolesura chochote kwenye swichi, ipite kwa tabaka la pili tu hadi kwenye ruta au ukuta wa moto. Wageni hao hawana mlango wa ndani hata kwa bahati mbaya, kwa sababu swichi haina anwani katika VLAN yao wala haiwajui kama mtandao wa kuelekeza.

Kwa hali yako

Ikiwa ni ofisi ndogo au nyumba ya wageni ambayo karibu kila mtu anatafuta intaneti, laini ni ya megabiti 50, na hakuna seva ya ndani, ruta yenye kebo moja inakufaa. Hata ikielekeza kila pakiti, mzigo wake hauwezi kuzidi laini kwa kiasi cha kuhofia, na sheria zako zote zitakaa mahali pamoja.

Ikiwa ni shule, chuo au studio yenye seva ya mafaili na video zinazozunguka ndani mchana kutwa, swichi ya tabaka la tatu ndiyo inayolingana na kazi. Weka ruta uliyonayo mlangoni, andika njia ya kurudi, na andika orodha za ruhusa siku hiyohiyo unapowasha uelekezaji, kabla watu hawajaanza kutumia.

Ikiwa ni kituo cha afya, SACCOS au ofisi yoyote yenye taarifa ambazo kuvuja kwake kungewadhuru watu, VLAN inayobeba taarifa hizo iwe nyuma ya ukuta wa moto, hata ikibidi ipungue kasi; mara nyingi kumbukumbu za wagonjwa na miamala ni trafiki ndogo, na hakuna atakayeona upungufu huo. Kamera, simu na printa zinaweza kuelekezwa na swichi.

Ikiwa hakuna fundi wa kudumu, na unamtegemea mtu anayefika mara moja kwa mwezi, chagua njia yenye kifaa kimoja cha kusanidi, hata kama si ya haraka kuliko zote, na mwombe akuachie nakala ya usanidi pamoja na karatasi inayoonyesha kila VLAN, anwani zake na kifaa kinachoielekeza.

Na ikiwa tayari una swichi inayoelekeza, usinunue chochote kwanza. Chukua simu, iunganishe na Wi-Fi ya wageni, na uandike kwenye kivinjari anwani ya seva yako.